Matunda ya Dada Mwanaidi

Jumatatu, 14 Januari 1985

Kijani leo. Si kijani cha majani, ni kile cha maji ya ziwa karibu na gati. Si mbaya.

Dawa ya bluu hadi kwenye alama. Matone manane ya mkojo. Chupa nyembamba ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, dakika tano kwa saa ya mkononi. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, imepanda. Rangi ya chungwa, imepanda sana. Nyekundu ya tofali, hatari. Nafundisha sayansi darasa la sita na la saba, kwa hiyo kazi hii ni yangu. Hata nisingekuwa mwalimu ingekuwa yangu. Tuko wawili tu katika nyumba hii.

Baada ya hapo, sindano. Kichupa cha insulini kinakaa ndani ya mtungi, kwenye mchanga uliolowa, maana friji hatuna. Namdunga Dada pajani saa kumi na mbili na nusu. Chai bila sukari, mkate vipande viwili, nusu chungwa. Nasimama hadi amalize. Ndipo natembea kwenda shule.

Nina miaka thelathini na saba. Sijaolewa. Kila asubuhi nachemsha mkojo wa dada yangu.

Jumatano, 16 Januari

Njano. Alikula nini jana? Anasema alikula nilichompa.

Jumamosi, 19 Januari

Nimenunua matunda ya wiki. Machungwa sita madogo, papai moja lisiloiva sana, ndizi tatu. Dada hakuja nami sokoni. Anaona haya kununua vitu alivyokuwa akiuza.

Aliuza matunda miaka ishirini na miwili. Mama alipokufa nilikuwa na miaka sita, na Dada Mwanaidi alikuwa tayari mke wa mtu. Akanichukua nikakae kwake. Mumewe alipoondoka bila kuaga, yeye akaweka meza nje ya soko. Alfajiri alikuwa Mamboleo, nje ya mji, kwenye njia panda, akingoja malori ya machungwa. Akigonga tunda kwa kidole alijua ndani yake lina nini. Chuo cha ualimu nilikisoma kwa meza ile. Nayajua haya yote. Nikikasirika huwa nayasahau.

Aliiacha meza mwaka juzi, macho yalipoanza ukungu na miguu ikafa ganzi. Alikuwa na sukari kwa miaka tisa, anameza vidonge. Desemba wakambadilishia sindano.

Sista Perpetua wa kliniki ni mtu mpole. Alituambia matunda hayajakatazwa. Tunda moja la kujaa kiganja, pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu. Litafunwe, lisikamuliwe. Likiiva hadi kunukia, lipunguzwe. Siku ya kipande cha embe hakuna ndizi. Nimeyaandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika jikoni. Dada hasomi sana, kwa hiyo nimechora.

Ameitazama akacheka. Akasema chungwa langu linafanana na kichwa cha mtoto mchanga.

Alhamisi, 31 Januari

Bluu. Siku ya pili mfululizo. Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Nimetembea kwenda shule kama niliyepewa cheo.

Jumatatu, 11 Februari

Maembe yamejaa mji mzima. Kila kona kuna meza, kila mtoto ana mdomo wa njano. Mama Atieno, jirani yetu, amerudi kutoka Usenge, ufukweni, na magunia yake ya omena, dagaa wa ziwani, na kikapu cha maembe juu yake. Ametuletea manane. Sikuweza kumkatalia. Huyu mama ndiye anayekaa na Dada mchana nikiwa kazini. Dada huchambua naye omena ukumbini. Wanaongea nini mimi sijui.

Nimempimia Dada kipande kimoja, upana wa vidole viwili. Amekitia mdomoni akafumba macho. Amekaa nacho muda mrefu bila kutafuna. Nilitoka nje.

Jumatano, 13 Februari

Rangi ya chungwa.

Alhamisi, 14 Februari

Tofali. Nilidhani nimekosea matone. Nimerudia. Tofali.

Nilimuuliza. Akasema, "Sijui, Rukia. Mwili huu sasa una mambo yake." Hakunitazama. Anavaa soksi. Kisumu, mwezi wa pili, jua la kupasua mawe, na yeye anavaa soksi za sufu na kusema ana baridi. Uzee umemwanza mapema.

Jumamosi, 16 Februari

Kuna harufu chumbani kwake.

Tamu na mbovu. Harufu ya tunda lililosahauliwa kwenye gunia. Naijua harufu hiyo, nimekua nayo, ndiyo tuliyokuwa tukilala nayo zamani msimu ukiharibika. Nimengoja aende kuoga. Nimegeuza godoro. Nimetoa masanduku chini ya kitanda. Nimepapasa nyuma ya kabati, ndani ya viatu, mpaka kwenye foronya. Sikupata kitu. Nikapiga deki kwa dawa. Harufu haikutoka.

Alirudi akakuta shuka zake sakafuni.  Alikaa kitandani akaanza kuzikunja moja moja.

Nina hakika anaficha. Mtu aliyekaa na matunda miaka ishirini na miwili anajua pa kuyaficha.

Jumapili, 17 Februari

Nimezipata. Kokwa tatu za embe na maganda, zimefungwa ndani ya gazeti, nyuma ya pipa la maji. Bado mbichi.

Nilizibeba hadi ndani nikaziweka mezani mbele yake. Akasema alikula nusu ya moja. Niliuliza hizo mbili na nusu zimeliwa na nani, na panya? Akasema, "Nimekwambia nusu." Nikamwambia yeye ni mwongo. Nikamwambia nimeamka saa kumi na moja kila siku tangu Desemba kwa ajili yake na yeye anakula gizani kama mwizi. Nikamwambia kama anataka kufa afe upesi, asinimalizie asubuhi zangu.

Nimeandika kama nilivyosema. Sikuongeza, sikupunguza.

 Alizifunga kokwa tena ndani ya gazeti. Kisha akasema polepole, "Mimi nimekulea, Rukia. Sikukuhesabia kokwa."

Jumatatu, 18 Februari

Tofali.

Nimekwenda kwa fundi nikanunua kufuli. Sasa kila kitu kitamu kimefungiwa kwenye kabati la ukumbini. Matunda, sukari yangu ya chai, asali, hata ile mikate ya maziwa ya wageni. Ufunguo natembea nao shuleni. Hakuna matunda tena katika nyumba hii, si nusu, si kipande. Nimeichana karatasi ya jikoni.

Alhamisi, 21 Februari

Rangi ya chungwa. Hatuongei. Anakula nilichoweka, anasema ahsante kama mgeni. Siku nzima anachoma udi chumbani. Moshi mpaka ukumbini. Nadhani anachoma kunikera.

Jumamosi, 23 Februari

Mama Atieno amekuja na ndizi. Nimemrudishia mlangoni. Nimemwambia Dada amekatazwa. Akasema, "Kwani daktari alisema hata ndizi moja hapana?" Nikasema mimi ndiye niliyesema. Akaitazama ile kufuli kwa mbali. "Haya, mwalimu. Nyumba ni yako."

Nimejisikia vibaya kidogo. Si sana.

Jumanne, 26 Februari

Kliniki. Tumekaa kwenye benchi tangu saa moja hadi saa saba. Damu yake imepimwa, sukari iko juu sana. Daktari ameongeza kipimo cha sindano.

Sista Perpetua aliuliza matunda tunayatumiaje. Nilimweleza kuhusu kufuli kwa fahari. Hakufurahi. Alisema, "Mwalimu, mgonjwa si mfungwa. Ukimkataza yote atakula yote." Alisema tena kwamba sasa kipimo kimepanda, sukari inaweza kushuka ghafla. Akitetemeka, akitokwa jasho, akiongea ovyo, apewe kitu kitamu papo hapo. Tunda lililoiva, au sukari ndani ya maji. Kiwe karibu na mkono wake. Na asidungwe sindano halafu akose kula.

Halafu akamuuliza Dada, "Miguu inaendeleaje, Mama?" Dada akasema, "Mizima." Sista akataka kuiona. Dada akasema amechoka, ataionyesha siku nyingine, na alianza kuinuka. Foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya makaratasi. Nilikuwa na kipindi saa nane.

Sista alinitazama mimi. Nilisema nitaitazama mwenyewe nyumbani.

Ijumaa, 1 Machi

Njano. Kutoka tofali hadi njano tangu niweke kufuli. Kumbe ilikuwa kabati tu. Kumbe nilikuwa sahihi.

Sijaitazama miguu. Nimemwambia jana, akasema ametoka kuoga na kuvaa. Nitaitazama Jumapili.

Jumapili, 3 Machi

Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Sikuitazama.

Jumanne, 5 Machi

Njano. Harufu ile bado ipo, kwa mbali. Nimezoea au udi umeifunika, sijui.

Amekonda. Anaburuta mguu wa kushoto. Nimemuuliza, akasema ni ganzi ile ile.

Jumatano, 6 Machi

Tumegombana tena. Aliomba chungwa. Si kwa kunyenyekea, aliomba kama mtu anayeomba chumvi. Nikasema hapana. Akasema mdomo wake una uchungu, anataka tu kuuosha. Nikasema aoshe kwa maji.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi.

Jana asubuhi nilimdunga kama kawaida. Kipimo kipya. Nikaweka chai na mkate. Akausukuma mkate. Akasema hana njaa ya vitu vyangu. Nilijua asidungwe akakosa kula. Niliambiwa wiki moja tu iliyopita. Lakini nilikuwa nimechelewa na nilikuwa na hasira. Nikasema, "Usile. Ni tumbo lako." Nikaondoka.

Saa nne na nusu Mama Atieno alikuja hadi darasani. Bila kubisha hodi. Kanga moja, kichwa wazi, miguu mitupu. Watoto wakasimama wakidhani wanamwamkia mgeni.

"Mwalimu, kuja haraka. Dadako ameanguka."

Tulikimbia. Alinieleza njiani, vipande vipande. Alipita kumsalimia akamkuta chini karibu na kabati. Amelowa jasho kama aliyemwagiwa maji. Anaongea na mama yetu. Mama Atieno aliwahi kuona hivyo kwa shemeji yake, kwa hiyo alijua. Akataka sukari. Akavuta mlango wa kabati, kufuli. Akatafuta kisu kuivunja, haikuvunjika. Akakimbia nyumbani kwake, akarudi na sukari kwenye kikombe, akaikoroga kwa maji, akamlaza ubavu, akampaka kwa kidole ndani ya shavu, kidogo kidogo, mpaka akaweza kumeza. Kisha ndizi mbivu, aliiponda kwa vidole.

Nilimkuta ameketi sakafuni ameegemea ukuta. Ndizi kidevuni. Ananitazama kama asiyenijua, halafu akanijua.

Kwenye kabati kulikuwa na alama za kucha. Chini, karibu na kufuli.

Mama Atieno aliniuliza swali moja. Hakulisema kwa ukali. "Mwalimu, hii kitu mulifunga ya nini?"

Nilitoa ufunguo mkobani nikaifungua. 

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuweza kumaliza kuandika.

Walimpokea, wakampima, wakasema sukari imerudi, ni sawa. Muuguzi alianza kumvua nguo. Akafika kwenye soksi. Dada akasema ziachwe. Muuguzi akavuta.

Harufu ile.

Ilijaa wodi. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Chini ya unyayo wa kushoto kuna shimo ninaloweza kuingiza kidole gumba. Kingo nyeusi. Vidole viwili vimekuwa rangi ya zambarau. Soksi ilitoka na ngozi.

Nilikuwa nikiitafuta harufu hiyo chini ya godoro.

Daktari ni kijana, mpole. Aliuliza kidonda kina muda gani. Dada akasema alikanyaga kaa la moto mwishoni mwa Januari, hakuhisi, alikuja kuona damu sakafuni. Daktari akanigeukia. Nilimwambia kuhusu rangi, kuhusu tofali, kuhusu maembe. Nilitaka aseme ni maembe. Alitikisa kichwa. Alisema kidonda kikioza, mwili wenyewe unapandisha sukari, hata mtu asile kitu. "Si embe, Mwalimu. Ni huu mguu ulikuwa unaita."

Sikulia. Niliiokota soksi sakafuni nikaikunja.

Jumapili, 10 Machi

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Tulikuwa peke yetu, wageni wa saa za kuona wagonjwa walikuwa wameondoka.

 Akasema, "Ulinikataza embe. Ukanikataza chungwa. Ningekwambia mguu, ungenikataza na kutembea."

Akasema pia aliogopa kisu. Wenzake wawili wa sokoni walikatwa miguu na hawakurudi. Lakini hilo alilisema baadaye, na nadhani alilisema ili kunipunguzia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwomba msamaha kwa maneno ya tarehe kumi na saba. Akasema hayakumbuki. Anayakumbuka.

Mama Atieno alikuwepo. Ametoka Usenge moja kwa moja, hajapita hata kwake, kanga inanuka samaki. Nilipomsindikiza nje nikamweleza habari ya kokwa tatu. Akasimama. "Ile siku? Lakini hiyo embe nilikula mimi. Mimi nilikula mbili, yeye akakula nusu, nikamalizia. Tukaficha maganda juu yeye alisema wewe utapiga kelele." Akanishika mkono. "Mos, mwalimu. Mos." Ananipa pole mimi.

Kwa hiyo alisema kweli. Nusu. Hata ile nusu aliipima.

Jumanne, 12 Machi

Wanakata kesho. Chini ya goti kama Mungu akipenda, juu ya goti ikilazimu. Ametia kidole gumba kwenye karatasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa imara. Mimi nilimshikia karatasi.

Jumatano, 13 Machi

Chini ya goti. Yuko hai. Hajaamka vizuri.

Alhamisi, 14 Machi

Mguu unazikwa. Sikujua hivyo. Mzee Hamisi wa msikitini alikuja mwenyewe kuniambia. Kilichotoka kwa Muislamu hakitupwi.

Nilipewa kifurushi hospitalini. Kimefungwa kitambaa kisha karatasi. Nilidhani kitakuwa chepesi.

Nilinunua bafta nyeupe kidogo. Mzee Hamisi akakizungushia. Yeye na kijana wa jirani wakaenda nacho makaburini, mimi nikabaki kwenye lango maana wanawake hatuingii. Ilichukua muda mfupi sana. Nilisikia jembe. Mguu ule ulisimama Mamboleo kwenye umande miaka ishirini na miwili kungojea malori. Uliwahi kunibeba nikiwa na homa hadi zahanati. Na mimi nilishindwa kuvua soksi moja.

Mzee Hamisi alirudi akipangusa mikono. Akasema, "Mwalimu, mwenye mguu yu hai. Nenda kampikie." Nikaenda.

Jumatano, 20 Machi

Ana maumivu kwenye vidole visivyokuwepo. Anaomba nimkune unyayo. Nakuna shuka, mahali ambapo ungekuwa. Anasema afadhali.

Jumatatu, 25 Machi

Sista Perpetua amepanda kutoka kliniki kuja wodini. Nilitegemea kugombezwa. Alivuta kiti akauliza kama nimekula. Kisha akakaa na Dada, akamwekea bakuli la machungwa na kumpa moja mkononi, akamwambia amwonyeshe yeye kipimo. Dada aliligeuza, akaligonga kwa kidole, akasema, "Hili ni kavu, tena kali. Hili naweza kula lote baada ya ugali. Lile lingine la juu, nusu." Sista akaniangalia. Kumbe anajua kuliko karatasi yangu. Anajua tangu mwanzo. Sikuwahi kumuuliza.

Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyumbani. Mama Atieno na wanawe wawili wakubwa walimbeba kwenye kiti. Mji una shughuli za Pasaka, nyimbo za kanisani kila upande. Majirani wamekuja na kuondoka. Kila mmoja anatazama shuka pale inapobonyea, halafu anatazama dari.

Kabati nimelitoa mlango. Bawaba na vyote. Limebaki wazi kama mdomo.

Jumatano, 10 Aprili

Kijani. Anajichemshia mwenyewe, ameketi. Mimi namsomea rangi kwa sababu macho yake hayatofautishi tena kijani na njano. Jicho la kushoto ni ukungu mtupu. Daktari alisema halitarudi.

Nilimwambia ni kijani. Akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Anauliza hivyo kila siku. Simlaumu. Mimi ndiye niliyeanza kutomwamini mwenzangu.

Jumapili, 21 Aprili

Siku mbaya. Hakutaka kuinuka, hakutaka magongo, hakutaka mtu. Alinifukuza chumbani kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto. Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata mumewe alipoondoka. Nilikaa sakafuni nje ya mlango hadi aliponyamaza. Sikuingia. Sikujua kama nina haki ya kuingia.

Jumatatu, 29 Aprili

Ramadhani ni mwezi ujao. Ameniuliza kama atafunga. Mwaka jana angefunga bila kuuliza, na mimi ningekataza kabla hajauliza. Nimesema tumuulize Sista na Mzee Hamisi. Akasema yeye anajua watakachosema. Atalisha maskini badala yake. Alilisema akitazama ukuta. Amefunga kila mwaka tangu akiwa msichana.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi namvua kitambaa cha mguu uliobaki, nauosha kwa maji ya vuguvugu, nakausha katikati ya vidole, natazama unyayo mwangani. Nageuza. Natazama tena. Leo alisema, "Rukia, utaumaliza kwa macho." Niliendelea.

Hatuko kama zamani. Tunaongea. Tunacheka hata, kidogo. Lakini akitaka kitu anasita kwanza, nusu sekunde, ananipima uso. Hiyo nusu sekunde ni yangu. Niliitengeneza mimi.

Jumanne, 7 Mei

Shule zimefunguliwa. Mvua imenyesha, njia yote ni matope.

Dada ameketi mlangoni kwenye kiti cha mikono, magongo kando. Mama Atieno amempitishia mapera kwenye bakuli, ya mti wa kwake. Dada ameyapapasa yote. Ameyatenga mafungu mawili, haraka haraka, kama ambavyo alikuwa akifanya zamani, ila kichwa ameinamisha sana maana haoni. Amekunywa uji kwanza. Kisha akachagua pera moja dogo, gumu, akalikata kwa kisu. Kisu kilipita karibu na kidole. Niliweka mikono nyuma.

Amekula polepole. Mbegu amemeza. Amepangusa mdomo kwa kanga.

Ameniuliza kama kuna mawingu upande wa ziwa. Nikamwambia yapo, mazito. Akasema basi nichukue mwavuli. Nikauchukua, nikaenda kazini.